Wakili wa madai ya ajali, usiishie kwenye mguu uliovunjika

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na mawakili wasomi na wasaidizi wa kisheria wanaofuatilia fidia za majeruhi, hasa huku Tabora ambako bodaboda ndiyo usafiri wa kila siku, kuanzia Ipuli na Cheyo hadi vijiji vya Uyui na Sikonge. Majeraha madogo ya ubongo yanapita mikononi mwenu bila kuonekana, na chanzo kikubwa ni maswali yanayoulizwa siku ya kwanza mteja anapoketi mbele ya meza yenu.

Mambo huwa hivi. Mteja anaingia na magongo. Picha ya eksirei ipo, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ipo, risiti zipo. Wakili anadai mguu, bima inalipa mguu, hati ya kumaliza madai inasainiwa na faili linafungwa. Miezi kadhaa baadaye mke wa mteja anakuja kuuliza kama kuna namna ya kurudi mezani, maana mguu umepona lakini mwenye mguu siye yule: hesabu za duka zimemshinda, anawafokea watoto, kichwa hakiachi kumgonga. Wakati huo wakili hana la kufanya, kwa kuwa hati ile ilifuta madai yote yatokanayo na ajali ile, yaliyojulikana na yasiyojulikana.

Tuanze na vipimo. Jeraha la ubongo huhesabiwa kuwa dogo pale ambapo alama za mgonjwa kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow (kilichobuniwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974) ni 13 hadi 15 kati ya 15, kama alizimia hakuzidisha dakika 30, na pengo la kumbukumbu halikuzidi saa 24. Kuzimia si sharti. Kuchanganyikiwa tu, au kutokumbuka kilichotokea, kunatosha. Na vigezo hivi vinaeleza saa za mwanzo peke yake. Havisemi lolote kuhusu hali ya mgonjwa mwezi wa nne au wa nane. Wengi hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Wachache hawaponi kwa muda huo, na ndio hao wanaoumizwa na haraka ya kumaliza madai.

Kwenye cheti cha hospitali mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba mgonjwa ana fahamu kamili, 15 kwa 15, na wakili wa upande wa pili ataishika alama hiyo mpaka mwisho wa kesi. Ujue inamaanisha nini. Alama 4 ni za macho kufumbuka yenyewe, 5 za kujibu sawasawa jina lake, mahali alipo na tarehe, 6 za kufuata maagizo kama vile “inua mkono”. Basi. Haipimi kama mtu huyo atakumbuka maongezi hayo kesho, wala kama anaweza kufuatilia mambo mawili kwa wakati mmoja. Halafu tazama saa iliyoandikwa. Mtu aliyegongwa saa kumi jioni njia ya Sikonge akafika hospitali saa mbili usiku, alama zake ni za saa mbili usiku. Saa nne za katikati hazimo kwenye karatasi, na ushahidi wako umo humo.

Vivyo hivyo CT scan. Kipimo hiki huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Nyuzi za ubongo zilizovutwa na kunyumbuka kichwa kilipotikiswa hakizioni. Kwa jeraha la aina hii picha safi ndiyo matokeo ya kawaida, kwa hiyo wakili asiisome kama hati ya kuonyesha kuwa hakuna jeraha. MRI, yaani picha ya sumaku, huona zaidi, hasa ikipigwa kwa namna inayotafuta chembe za damu, lakini nayo inaweza kutoka safi. Tumeona familia zikiuza mbuzi ili kufuata picha Mwanza au Dar es Salaam kabla hata ya mtu kuandika mgonjwa analalamika nini. Maelezo yatangulie, picha ifuate kama daktari ataihitaji.

Sasa maswali yenyewe. Swali baya kuliko yote ni “Ulizimia?” Aliyezimia hajui kwamba alizimia, na anayejibu “ndiyo” mara nyingi anarudia alichoambiwa na jirani. Badala yake mwambie asimulie: kitu cha mwisho anachokikumbuka kabla ya kishindo ni kipi? Cha kwanza baada ya hapo? Kilichofuata? Kila anapojibu, muulize kama anakumbuka mwenyewe au ameambiwa. Mtu anaweza kukumbuka akilipa mafuta kituoni, kisha akaruka moja kwa moja hadi muuguzi akimkata suruali kwa mkasi. Ukimuuliza katikati pana nini, anasema, “Wanasema nilikuwa nazunguka barabarani natafuta kiatu.” Alikuwa amesimama, anaongea, anakataa kubebwa, na ubongo haurekodi chochote. Hilo ni pengo la kumbukumbu, na kwa utambuzi lina uzito kuliko uvimbe wa paji la uso. Andika linapoanzia na linapoishia, ukikumbuka kwamba katikati huweza kuwa na visiwa: anakumbuka sura ya mtu mmoja, kisha giza tena. Mwisho wa pengo ni pale kumbukumbu inapoanza kwenda mfululizo bila kukatika, hata kama kisiwa cha kwanza kilitokea mapema.

Pengo hilo hujazwa na mashahidi. Dereva mwenzake wa kijiweni, muuza mahindi aliyemkalisha kivulini, konda aliyempakia kwenye Hiace: hao ndio waliomsikia akiuliza “abiria wangu yuko wapi?” mara sita na kila mara akajibiwa jibu lile lile. Chukua majina na namba zao wiki ile ile, kwa sababu vijana wa vijiweni hawakai mahali pamoja. Na kama kuna helmeti iliyopasuka, ihifadhiwe kama ilivyo, isioshwe wala isiuzwe. Helmeti huokoa maisha na hulinda fuvu, lakini haizuii ubongo kuzunguka ndani ya fuvu hilo, kwa hiyo hoja ya kwamba “alivaa helmeti, basi hakuumia kichwa” haina mashiko.

Upo mtego mwingine, nao ni maelezo ya polisi yaliyochukuliwa siku ile ile. Mtu ambaye ubongo wake ulikuwa haurekodi anaulizwa gari lilitokea upande gani na kwa mwendo gani, naye, kama binadamu yeyote, anajaza kwa alichosikia kwa waliomzunguka. Miaka miwili baadaye anasema jambo tofauti kizimbani na anaitwa mwongo. Tafuta nakala ya maelezo hayo mapema, tazama yalichukuliwa saa ngapi, na umzoeze mteja kusema “sikumbuki” pale asipokumbuka. Wakili anayemsaidia mteja kujaza pengo anaua kesi yake mwenyewe.

Kuhusu dalili, usiulize “una tatizo lingine?” Huku kwetu kichwa kikiuma ni malaria, uchovu ni kazi za shamba, hasira ni tabia, na mtu akibadilika sana basi kuna aliyemtengeneza. Mteja haoni sababu ya kumweleza wakili mambo hayo. Mwache kwanza azungumze kwa uhuru kuhusu siku yake tangu anapoamka hadi anapolala, na uandike kwa maneno yake. Akisema kichwa kinavuma jioni, andika “kinavuma”, usigeuze kuwa Kiingereza cha daktari. Baada ya hapo ndipo tabibu apitie naye orodha kamili. Inayotumika sana ni dodoso la Rivermead lenye dalili 16, kati yake kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kukerwa na kelele, usingizi kuvurugika, kuchoka upesi, hasira, kusahau, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kuchukua muda mrefu kufikiri, kuona ukungu na kukerwa na mwanga. Kila dalili hupewa alama 0 hadi 4 kwa kulinganisha na hali ya kabla ya ajali. Alama 1 ni ya dalili iliyokuwepo ikarudi kuwa kama zamani, kwa hiyo haijumlishwi. Wakili asimpe mteja orodha hiyo akaijaze nyumbani. Kwanza utatuhumiwa kumfundisha majibu. Pili, mtu aliyechoka atatia vema kila mahali na dodoso litakosa maana.

Dalili moja iko kwenye mazungumzo ya kila siku na huwa haitajwi: harufu. Nyuzi za neva ya kunusa hupita kwenye vitundu vidogo vya mfupa juu ya pua, na ubongo ukiteleza ghafla huweza kukatika. Mteja hasemi “siwezi kunusa”; anasema chakula cha mkewe hakina ladha siku hizi. Kwa karani wa ofisini ni usumbufu. Kwa mfanyabiashara wa asali wa Tabora, anayefungua ndoo na kujua kwa pua kama imeshika moshi au imeanza kuchacha, ni mtaji umepotea. Mama ntilie naye hatajua wali unaungua mpaka aone moshi. Daktari hupima kila tundu la pua peke yake kwa kitu kama kahawa au karafuu. Asipimwe kwa amonia wala pilipili, kwa maana hivyo huwasha pua kupitia neva nyingine, na asiyenusa kabisa bado ataruka.

Kazi ya mtu ndiyo kipimo kizuri kuliko maswali ya jumla. Anayepanga madaraja ya tumbaku kule Urambo au Kaliua anashika jani, anatazama rangi, urefu na madoa, anaamua, anashika linalofuata, kutwa nzima. Asubuhi baada ya jeraha anaweza kufanya vizuri. Kufikia saa sita anachanganya madaraja na hajui kwamba amechanganya. Anajua pale mzigo unaporudishwa. Hivyo ndivyo ubongo uliojeruhiwa unavyochoka, na ndiyo sababu uchunguzi wa dakika kumi hospitalini huonyesha mtu asiye na tatizo lolote. Dereva wa bodaboda atasahau chenji au atapita nyumba ya abiria. Fundi cherehani atapima kiuno mara mbili na kuandika namba mbili tofauti. Uliza mambo ya namna hiyo, ya kazi ile, yenye tarehe.

Ofisini kwako pia kuna ya kuona. Mteja anakuja Jumanne badala ya Alhamisi. Amepoteza nakala uliyompa wiki iliyopita. Anakaa akiupa mgongo mwanga wa dirisha, anamwambia karani azime redio. Nusu saa ya kwanza anajibu vizuri, kisha majibu yanakuwa mafupi na yanaanza kupingana. Wengi humalizia kwa kusema mteja huyu ni mjanjamjanja au hana nidhamu. Andika saa mabadiliko yalipoanza, kata mazungumzo, mpe siku nyingine ya asubuhi, na usizidishe nusu saa. Maelekezo mpe kwa maandishi kwenye bahasha moja, na umpigie pia ndugu yake.

Ndugu huyo ni nusu ya ushahidi. Aliyeumia ubongo mara nyingi haoni alivyobadilika, na mkewe hatasema mbele yake kwamba mzee amekuwa mkali au analia bila sababu. Heshima haimruhusu. Zungumza naye peke yake, kwa ridhaa ya mteja, na kwa lugha anayoizoea. Bibi wa Kinyamwezi anayeulizwa kwa Kiswahili cha mahakamani atajibu “yuko sawa tu” ili maongezi yaishe. Usikubali “amekuwa msahaulifu”. Taka tukio: lini, wapi, nini. Aliacha sufuria motoni akaenda msibani. Alilipa ada ya mtoto mara mbili.

Kisha tafuta alivyokuwa kabla. Mahakimu wana haki ya kuuliza kama hakuwa hivyo hivyo tangu zamani. Rekodi za chama cha msingi cha wakulima zinaonyesha madaraja na kilo za misimu iliyopita. Shule zina matokeo. Mwajiri ana karatasi za tathmini. Hazina iliyosahauliwa kabisa ni daftari la VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Kama mteja alikuwa mweka hazina, fungua kurasa za kabla na za baada ya ajali. Mwandiko, mistari iliyofutwa, jumla zisizolingana, na tarehe kwa kila kikao, yote yameandikwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria kesi. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuupinga.

Lakini tuwe waaminifu. Si kila anayesahau baada ya ajali ameumia ubongo. Maumivu yanayomnyima usingizi yatamfanya asahau. Tramadol, dawa ya maumivu, itamlegeza. Shingo iliyoshtuka huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Hofu ya barabara na ndoto za ajali, sonona, pombe, presha, upungufu wa damu, yote haya hufanana. Tena huweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja. Wakili asiyemuuliza mteja kuhusu pombe na ajali za zamani atasikia majibu hayo kwa mara ya kwanza mahakamani. Kama mteja alikuwa na udhaifu wa awali, sheria humchukua aliyeumizwa kama alivyokutwa, ila daktari lazima atenganishe cha zamani na kipya. Na kama familia ilimpeleka kwa mganga wa kienyeji kwa miezi miwili kabla ya kurudi hospitali, liseme jambo hilo waziwazi kwenye maelezo yake. Pengo lililoelezwa halina nguvu kama lile linaloibuliwa na mpinzani.

Ziko hali ambazo kazi ya sheria inasimama pale pale na mtu anapelekwa hospitali siku hiyo: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, kifafa, mkono au mguu kulegea, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, majimaji yasiyo na rangi kutoka puani au masikioni. Kwa wazee, wanywaji na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo na kujionyesha wiki kadhaa baada ya ajali iliyodhaniwa kuwa ndogo. Mzee aliyeanguka kwenye baiskeli mwezi uliopita na leo anaburuta mguu asiambiwe arudi Jumatatu.

Kwenye sheria hatutakaa sana, wenyewe mnaijua. Madai ya uzembe yana miaka mitatu, kwa hiyo haraka ya kusaini katika wiki ya sita kwa kawaida ni ya kampuni ya bima au ya ndugu wanaotaka fedha, si ya kalenda. Aliyeumia kazini asisahau kwamba taarifa ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ina muda wake wa miezi 12. Jeraha la ubongo litajwe kwenye hati ya madai tangu mwanzo, kwa sababu mdai hufungwa na alichokiandika. Hasara mahsusi zitajwe moja moja na zithibitishwe. Tathmini ya fidia isifanywe kabla ya miezi mitatu kupita, na kama dalili bado zipo, irudiwe mwezi wa sita na mwaka mmoja. Bima ikileta ofa, mweleze mteja, kisha yeye akueleze kwa maneno yake anaacha nini na anapata nini. Rudia siku ya pili. Kama jana alielewa na leo hakumbuki, kalamu ibaki mezani.

Mwisho ni barua kwa daktari. Barua inayosema “tunaomba ripoti ya kitabibu” italeta mistari mitatu kuhusu mguu. Uliza: alama za Glasgow zilikuwa ngapi na zilichukuliwa saa ngapi, pengo la kumbukumbu lilikuwa la muda gani, dalili zipi zilirekodiwa na kwa tarehe zipi, vyanzo gani vingine vilifikiriwa na kwa nini vikaondolewa, kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ajali ndiyo iliyosababisha, na kazi zipi za mteja, zitaje kwa jina, haziwezi tena kufanyika au zitafanyika kwa muda gani. Omba nakala ya faili zima la wodini, usitegemee PF3 peke yake. Karatasi za wauguzi wa zamu ya usiku ndizo zinazosema “ametapika mara mbili, anauliza yuko wapi”, na hizo ndizo za kwanza kupotea. Barua iende kwa mganga mfawidhi na nakala kwa daktari aliyemtibu, ikiambatana na ridhaa ya mteja iliyosainiwa, maana bila ridhaa hiyo faili halipaswi kutoka. Na umuulize daktari mapema kama atakuwa bado Tabora siku ya kutoa ushahidi, kwa sababu uhamisho haumsubiri mdai.

Tabibu na wakili wa kujitegemea,
Tabora Mjini